Epulu, Nyumbani kwa Okapi

Ukichukua noti ya faranga 1000 ya Kongo na kuielekeza kwenye jua, utaona kichwa cha mnyama mwenye masikio mapana, kimefichwa ndani ya karatasi. Huyo ndiye okapi. Wakongo wote humchukua mfukoni, lakini waliomwona kwa macho ni wachache mno, hata miongoni mwetu tuliozaliwa Ituri. Basi leo, wasomaji wapenzi, tufuate njia ya kutoka Bunia na Irumu mpaka kijiji cha Epulu, mahali ambapo kwa miaka 60 watu walimtunza okapi akiwa hai, katikati ya msitu wake mwenyewe. Tutaona jinsi kazi hiyo ilivyoanza, jinsi ilivyopigwa na bunduki, na ni nini kinachotakiwa kwetu sasa.

NJIA YA MSITUNI

Mtu atokaye Bunia huanza safari yake katika nchi ya vilima na majani, nchi ya ng'ombe na mashamba ya maharagwe, ambayo upepo wa Ziwa Albert huifikia. Huvuka mto Shari, hupita Irumu, boma la zamani la serikali ya Wabelgiji, kisha hufika Komanda. Hapo njia hugawanyika: mkono wa kushoto kwenda Beni, na mbele, upande wa machweo, kwenda Mambasa, Nia-Nia na hatimaye Kisangani. Kuanzia hapo miti huanza kukaribiana. Ukipita Lolwa, msitu umekwisha kukufunika. Jua la mchana huwa kama jua la jioni, hewa huwa na unyevu, na njia yenyewe ni wekundu wa udongo kati ya kuta mbili za kijani.

Kando ya njia wenyeji huuza ndizi, mihogo na chupa za asali. Wabila na Walese wana mashamba yao karibu na barabara. Wambuti hukaa nao kwa muda, kisha hurudi ndani ya msitu na nyavu zao wakati wa kuwinda na wakati wa asali. Katika mji wa Mambasa Wakristo humkumbuka Padre Bernardo Longo, aliyefungua misheni ya Nduye karibu na Wambuti, akauawa hapo Mambasa tarehe 3 Novemba 1964 wakati wa uasi wa Simba. Kutoka Mambasa msafiri huendelea kama kilometa 70 mpaka aone mto mpana wa maji meusi upitao juu ya mawe kwa kelele. Huo ndio mto Epulu, na kijiji kimechukua jina lake.

Hatuwezi kuisifu njia hii na kuificha hali yake. Kwa miaka mingi sasa wasafiri huipita kwa hofu, na pengine magari hungoja kusindikizwa na askari. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 washambuliaji waliwaua waamini zaidi ya 30 katika parokia ya Komanda, watu waliokusanyika kwa sala. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza: je, ni wakati huu wa kuzungumza habari za mnyama, nasi tunazika watoto wetu? Tuliweke swali hilo mbele yetu mpaka tufike mwisho wa safari.

NGOZI ILIJULIKANA KABLA YA MNYAMA

Watu wa msitu wamemjua okapi tangu zamani za mababu. Dunia ya nje haikumjua hata kidogo mpaka juzi. Mwaka wa 1890 Henry Stanley, katika kitabu cha safari yake, aliandika maneno machache kwamba Wambuti humjua mnyama anayefanana na punda, nao pengine humnasa katika mashimo. Wasomaji wa Ulaya walishangaa, maana punda na farasi ni wanyama wa nchi wazi, wala hawakai katika msitu mnene.

Jambo lililofuata linasikitisha. Karibu na mwaka wa 1900 Mjerumani mmoja aliwachukua Wambuti kadhaa kutoka msitu wa Ituri, akakusudia kuwapeleka Paris, wawe kitu cha kutazamwa katika maonyesho makubwa ya mwaka huo. Wenye mamlaka walimzuia. Sir Harry Johnston, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Kiingereza katika Uganda, aliwapokea watu hao, akawaweka kwake kwa muda, kisha akawarudisha kwao. Katika mazungumzo aliwauliza juu ya yule punda wa Stanley. Wakamweleza mnyama mwenye rangi ya hudhurungi mwilini na michirizi miguuni.

Johnston alipofika katika boma la Mbeni, upande wa mto Semliki, aliwakuta askari wamejifanyia mikanda kwa ngozi ya mnyama huyo. Akapata vipande viwili. Wenyeji wakamwonyesha pia nyayo zake ardhini, nazo zilikuwa za ukwato uliopasuka mara mbili kama wa ng'ombe. Johnston hakuwasadiki. Moyoni mwake alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba mnyama ni jamaa ya farasi, na farasi ana ukwato mmoja. Akapeleka vile vipande vya ngozi London, na wataalamu, kwa kuiona ile michirizi, wakamwandika okapi katika ukoo wa farasi na punda milia.

Mwaka wa 1901 Karl Eriksson, ofisa Mswedi aliyetumika katika Kongo, akampatia Johnston ngozi nzima pamoja na fuvu. Ndipo ukweli ulipodhihirika. Meno na mifupa ya kichwa vilionyesha kwamba okapi ni ndugu wa twiga. Jina lake la kitaalamu likageuzwa, likawa Okapia, neno litokalo katika lugha za watu wa msitu. Ninyi wanafunzi, liangalieni jambo hili vizuri. Wale walioonyesha nyayo walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo, tena bila darubini wala maktaba.

KAZI YA MAKUMBUSHO NA MPAKA WAKE

Baada ya hapo kila nyumba kubwa ya makumbusho ilitaka okapi wake. Kati ya mwaka wa 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo kwa ajili ya makumbusho ya elimu ya viumbe ya New York. Walikusanya maelfu ya wanyama, ndege na samaki, na okapi walikuwa miongoni mwao. Kazi hiyo tusiidharau. Bila ya ngozi, mifupa na maandishi yaliyohifadhiwa vizuri, wanafunzi wa leo wasingekuwa na mahali pa kuanzia.

Lakini kabati la kioo lina mpaka wake, na msitu wa Ituri wenyewe ulitoa mfano. Mwaka wa 1913, huko Avakubi kando ya mto Ituri, Chapin aliona unyoya wa ajabu katika kofia ya mtu. Akauchukua, akautunza, asiweze kujua ni wa ndege gani. Miaka 23 ikapita. Mwaka wa 1936 alikuwa katika makumbusho ya Tervuren, nchini Ubelgiji, naye akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando na kuandikwa kuwa ni tausi wa kawaida walio wachanga. Manyoya yao yalikuwa sawa na ule unyoya wa Avakubi. Kumbe ni tausi wa Kongo, ambaye wataalamu walikuwa hawajampa jina! Ndege alikuwa amekaa nyumbani mwao miaka mingi, wasimtambue, na huku watu wa msitu walikuwa wakimtega na kuvaa manyoya yake.

Kumpeleka okapi ng'ambo akiwa hai kulikuwa kazi ngumu zaidi. Wa kwanza kufika Ulaya aliingia Antwerpen mwaka wa 1919, akafa kabla ya kutimiza miezi miwili. Wengine wengi walikufa njiani au mara baada ya kufika, kwa uchovu na kwa minyoo ya tumbo. Aliyefanikiwa alikuwa mtu mpole wa misheni. Bruda Joseph Hutsebaut, wa shirika la Wapremontree huko Buta katika nchi ya Uele, alijifunza kulea ndama za okapi kwa subira. Mmoja wa aliowalea alifika New York mwaka wa 1937, akawa okapi wa kwanza kuonekana Amerika. Walimwita Congo.

KITUO CHA EPULU

Mtu wa kwanza kulifanya jina la Epulu lisikike mbali alikuwa Mmarekani, Patrick Putnam, aliyejenga kambi yake kando ya mto huo, akaishi na Wambuti na kuwatibu wagonjwa mpaka kufa kwake mwaka wa 1953. Mwaka wa 1952 serikali ya Kibelgiji ilianzisha hapo kituo cha kukamata okapi, na Mreno Jean de Medina akawa mkuu wake. Kusudi la kwanza lilikuwa kuzipatia wanyama bustani za Ulaya na Amerika.

Njia ya kumkamata ilitoka kwa Wambuti, kwa kuwa ni wao waliojua mahali okapi apitapo. Okapi hupenda kufuata mapito yaleyale, na huku hujisugua kwenye miti na kuacha harufu yake. Katika pito kama hilo walichimba shimo lenye kina cha kutosha kumzuia asiruke, wakalifunika kwa fito nyembamba na majani. Shimo lilikaguliwa kila siku. Mnyama akianguka, hawakumfunga kamba wala kumvuta. Walijenga ua wa miti kulizunguka shimo, wakaufunika kwa majani ili asiogope, kisha wakaporomosha udongo upande mmoja mpaka ukawa mteremko. Okapi alipanda mwenyewe, polepole, akatembea katika njia iliyozungushiwa ua mpaka kwenye sanduku lililowekwa juu ya lori. Aliyemharakisha alimpoteza.

Huko Epulu okapi alikaa katika ua mpana uliojengwa chini ya miti ya msitu wenyewe, bila zege na bila chumba cha giza. Kivuli kilikuwa kilekile alichozaliwa nacho, na mvua ileile. Kwa hiyo kilikuwa kama makumbusho yasiyo na paa. Mgeni aliweza kusimama kando ya ua akamwona mnyama ambaye msituni angetoweka kabla hajamkaribia.

Na alichokiona kilistahili safari. Manyoya ya okapi yana rangi ya hudhurungi iliyoiva, laini na yenye mafuta kidogo, hata mvua humteleza. Mapaja na miguu ina michirizi myeupe, ambayo msituni hufanana na mianga ya jua ipitayo kati ya majani. Ndiyo sababu huonekana kwa shida. Jike ni mkubwa kuliko dume, na dume peke yake ana pembe mbili fupi zilizofunikwa kwa ngozi. Ulimi wake ni mrefu ajabu. Huutumia kuvuta majani, tena huweza kujilamba macho na masikio. Mimba yake huchukua miezi 14 na zaidi, naye huzaa ndama mmoja. Ndama huyo hulala mafichoni yapata miezi miwili, mama akija kumnyonyesha na kuondoka. Kwa muda wa mwezi mzima na zaidi baada ya kuzaliwa hatoi choo, na wataalamu hudhani ni kinga ili chui asipate harufu yake.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa chakula. Okapi hali nyasi. Hula majani ya miti ya msituni, aina zaidi ya 100, na mengine kati ya hayo ni sumu kwa mwanadamu. Pengine hula pia mkaa wa miti iliyopigwa na radi na udongo mwekundu wa kando ya mito. Ni nani ajuaye majani hayo yote? Si mgeni mwenye shahada. Kila siku wakata majani, ambao Wambuti walikuwa miongoni mwao, waliingia msituni, wakachagua matawi, wakayafunga mafungu na kuyabeba mpaka kituoni. Mafungu yalitundikwa juu, ili mnyama ale akiwa ameinua shingo kama afanyavyo mwituni. Mkata majani akikosea, okapi aliugua. Wageni waliotoka mbali waliwapiga picha wanyama, mara chache waliwauliza hao wabebaji majina yao. Lakini bila wao kituo kisingeendelea hata juma moja.

Miaka ilipopita, kusudi la kituo liligeuka. Okapi alikuwa amelindwa na sheria ya Kongo tangu mwaka wa 1933, na watu wakaanza kuona kwamba si haki kumlinda katika bustani za ng'ambo na kuuacha msitu wake ukatwe. Mwaka wa 1987 ulianza mradi wa kumhifadhi okapi, serikali ya Zaire ikishirikiana na wafadhili wa Marekani, na Waswisi wawili, Karl Ruf na mkewe Rosmarie, waliiongoza kazi ya Epulu kwa miaka mingi. Mwaka wa 1992 serikali ilitangaza Hifadhi ya Okapi, yenye kilometa za mraba 13,700 hivi, yaani karibu sehemu moja ya tano ya msitu wa Ituri. Wambuti na Waefe hawakufukuzwa humo, kama ilivyotendeka katika mbuga nyingine nyingi. Mwaka wa 1996 UNESCO iliiandika hifadhi hiyo kuwa urithi wa ulimwengu. Wakati huo ilikadiriwa kwamba okapi 5,000 kati ya 30,000 waliosalia walikuwa humo. Mwaka uliofuata tu, vita ikiwa imeingia nchini, ikaandikwa tena, safari hii katika orodha ya urithi ulio hatarini.

JUMAPILI YA TAREHE 24 JUNI 2012

Kituo kilivumilia vita viwili vikubwa. Wafanyakazi walikaa bila mishahara ya hakika, majeshi yakapita na kurudi, lakini kila asubuhi majani yaliletwa. Okapi wa Epulu wakaendelea kuishi hata wakati ambapo watu wenyewe walilala msituni.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 24 Juni 2012. Alfajiri, kundi la Mai-Mai Simba, likiongozwa na Paul Sadala aliyejiita Morgan, liliuingia Epulu. Walikuwa wawindaji wa tembo na watu wa machimbo ya dhahabu ya siri. Walinzi wa hifadhi walikuwa wamezifunga njia zao za pembe na dhahabu, nao walikuja kulipiza kisasi. Waliua watu wasiopungua 6, na walinzi walikuwa miongoni mwao. Waliwatenda wanawake maovu, wakawachukua mateka wengine, wakapora nyumba na kuzitia moto majengo ya kituo.

Wakaziendea pia nyua. Ndani yake walikuwa okapi 14, wanyama waliozoea kusikia hatua za watu na kuzikaribia, kwa sababu hatua za watu zilikuwa na maana ya majani mabichi. Wakapigwa risasi. 13 walikufa siku hiyohiyo, na wa 14 akafa baadaye kwa majeraha. Nyama haikuwa haja yao. Waliwaua ili kuwaumiza waliowatunza.

Sasa turudi kwa swali letu la Komanda. Mtu asemaye, Acheni habari za wanyama, watu wanakufa, amesahau kwamba Epulu watu na wanyama waliuawa asubuhi moja, kwa bunduki zilezile na kwa sababu ileile. Mwenye kuchimba dhahabu kwa silaha huhitaji msitu usio na mlinzi. Akiupata, huua tembo kwa ajili ya pembe, humwaga zebaki katika mto ambao akina mama huchota maji, huwafanya vijana wa kijiji watumwa wa shimo, na fedha aipatayo hununua risasi nyingine. Mlinzi auawaye mbele ya ua wa okapi ni baba wa watoto, na kijiji anachokilinda ni kijiji cha watu. Kwa hiyo hatuchagui kati ya mtu na mnyama. Adui yao ni mmoja.

BAADA YA MOTO

Wengi walidhani Epulu imekwisha. Haikuwa hivyo. Walinzi walirudi, majengo yakainuliwa, na wafanyakazi wa mradi wakaendelea kupanda miche ya miti, kufundisha shuleni na kusaidia vikundi vya akina mama katika mashamba yao. Mwaka wa 2019 idara ya serikali ya kuhifadhi viumbe, ICCN, iliingia mkataba na shirika la Marekani liitwalo WCS ili kuiongoza hifadhi kwa pamoja. Tena kila tarehe 18 Oktoba huadhimishwa siku ya okapi duniani.

Lakini zile nyua zilibaki bila okapi. Watu walijiuliza kama ifaa kukamata wengine wa mwituni na kuwatia mahali ambapo risasi inaweza kurudi. Jambo hili limegeuza maana ya kituo. Zamani mtu aliyefika Epulu alionyeshwa mnyama. Sasa huonyeshwa msitu, na kuambiwa kwamba mnyama yumo ndani yake, haonekani, na kwamba akibaki haonekani ndiyo heri. Tangu mwaka wa 2013 okapi ameandikwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Okapi wa mwituni hapatikani katika nchi nyingine yoyote duniani ila Kongo. Tukimpoteza hapa, hakuna jirani wa kumwomba mbegu.

YATIMA WA MWITUNI

Wako pia wanyama ambao hawawezi kuachwa msituni, kwa sababu wamekwisha kutolewa huko kwa jeuri. Msafiri wa barabara za Kongo ya mashariki pengine huuziwa mtoto wa sokwe, amefungwa kamba kiunoni, macho yake kama ya mtoto aliyelia mpaka akachoka. Watu wengine humnunua kwa huruma. Huruma hiyo ina hasara. Mama sokwe hamwachi mtoto wake. Ili kumpata mdogo mmoja, mwindaji amemuua mama, na mara nyingi jamaa wengine waliomtetea. Anunuaye humlipa mwindaji gharama ya safari nyingine.

Kwa ajili ya yatima kama hao kuna nyumba ya matibabu huko Lwiro, katika Kivu ya Kusini, karibu na mbuga ya Kahuzi-Biega. Ilianzishwa mwaka wa 2002 na ICCN pamoja na kituo cha uchunguzi wa elimu ya viumbe cha Lwiro, ambacho tangu siku za Wabelgiji kina mikusanyo ya wanyama waliokaushwa kwa ajili ya masomo. Basi pale Lwiro mambo mawili yamekaa pamoja: ndani ya majengo, makabati ya wanyama waliokufa, nje, chini ya miti, sokwe na nyani hai walionyang'anywa wafanyabiashara, wakijifunza upya kupanda na kuishi na wenzao. Wengi wao hawataweza kurudi mwituni kamwe. Sokwe huishi miaka 50 na zaidi, na kila mmoja atahitaji kulishwa siku zote hizo. Hiyo ndiyo bei ya mchezo wa mtu mmoja aliyetaka kufuga mtoto wa sokwe nyumbani.

YATUPASAYO

Mtu anayekaa Irumu au Bunia atasema kwamba Epulu ni mbali, na kwamba hana bunduki wala cheo. Hata hivyo yako mambo yaliyo mkononi mwetu. Asiyenunua mtoto wa mnyama barabarani amemfungia mwindaji mlango mmoja. Akimwona aliyefungwa kamba, awaarifu walinzi wa ICCN, wala asimlipe muuzaji. Mama anayekataa nyama iliyokatazwa sokoni, hata ikiuzwa kwa bei ndogo, amefanya kazi ya mlinzi. Mwalimu apelekaye wanafunzi kando ya msitu na kuwafundisha majina ya miti kumi amewapa kitu ambacho kitabu hakina. Na mzazi mwenye mwana aliyevutwa na machimbo amwulize waziwazi ni nani mwenye shimo, na ni nani mwenye bunduki inayolilinda.

Zaidi ya hayo, tuwaheshimu wajuzi wetu. Wako bado wazee wa Kimbuti, wa Kibila na wa Kilese wanaojua jani lipi huliwa na okapi, lipi humponya mtu, na asali ya mti gani huiva mwezi gani. Johnston alionyeshwa nyayo za kweli akazikataa. Vijana wetu waliosoma wako katika hatari ya kurudia jambo hilo. Heri kijana achukue daftari, aende kwa mzee huyo, aandike, maana maarifa hayo hayakuhifadhiwa katika makumbusho yoyote ya Ulaya, nayo huzikwa pamoja na mwenyewe.

Huko Epulu mto unaendelea kupiga kelele juu ya mawe. Jioni walinzi hurejea kutoka doria, viatu vimelowa, na kuandika katika vitabu vyao walichokiona siku hiyo: mtego wa waya uliong'olewa, kambi ya wachimbaji iliyoachwa, na pengine, kwenye tope laini kando ya kijito, alama ya ukwato uliopasuka mara mbili. Huiandika tarehe na mahali, kisha hulala, kwa kuwa kesho watatoka tena.